Horohoro hadi Lushoto kwa pikipiki bila kuingia Tanga mjini

Swali: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa, nina Boxer 150 na nitambeba mke wangu. Tunataka kwenda Lushoto mwishoni mwa Aprili, siku mbili, tuvukie Horohoro lakini tusiingie Tanga mjini wala tusibanane na mabasi ya barabara kuu. Tunataka milima. Simu inanipeleka Tanga, Muheza, Segera, Mombo. Rafiki yangu anasema nipandie Mombo, halafu nishukie Bumbuli hadi Korogwe, eti ndiko kuzuri. Je, inawezekana, na pikipiki yangu itaweza?

Jibu: Wa alaykum salaam, kaka, na salamu kwa shemeji. Inawezekana, na Boxer itaweza. Kinachonitia wasiwasi katika maelezo yako ni vitu viwili: hiyo Aprili, na huyo rafiki yako.

Nianze na mji, maana ndio sehemu nyepesi. Kutoka Horohoro hadi Tanga ni lami tupu, kilomita 65 hivi. Kabla hujaufikia mji utakuta Mabokweni, na hapo kuna njia inayochepuka kulia kwenda Maramba. Ukikunja hapo umeshaikwepa Tanga, basi. Kiserikali Mabokweni imo ndani ya Jiji, ila hutaona taa za barabarani wala foleni. Tanga ina sifa yake ya "waja leo, waondoka leo", na wewe naona hutaki hata kuja. Haya. Lakini nikuambie ukweli kama mwenyeji: Tanga si Dar es Salaam wala si Mombasa. Kuukata mji mzima hakukuchukui muda, na mitaa yake imenyooka. Kama sababu yako ni msongamano, unakimbia kitu ambacho hakipo. Kama sababu ni milima, hapo tuko pamoja, kwa sababu njia ya Muheza na Segera inakupitisha pembeni ya milima huku macho yako yote yakiwa kwenye malori.

Sasa njia yenyewe. Mabokweni, Maramba, Bombo Mtoni, kisha unageuka kusini kwa Mashewa na Magoma mpaka Korogwe ya Kale. Ni kama kilomita 130, na sehemu kubwa ni vumbi na changarawe. Mpaka Maramba unakuwa na minazi, mihogo na machungwa, nchi ya Wadigo bado, hutaona tofauti kubwa na Kwale. Baada ya Maramba, ilipo kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Usambara ya Mashariki inakuwa imekusimamia ubavuni. Ukishavuka Bombo Mtoni na kuelekea kusini, unaingia kwenye kitu ambacho wapitao Segera hawakijui kabisa: bonde la Lwengera. Kushoto kwako Usambara ya Mashariki, kulia kwako Usambara ya Magharibi, na wewe uko chini katikati. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, miamba ya kale sana iliyoinuliwa vipande vipande, na bonde hili ndilo lililobaki chini kati ya vipande viwili. Ukifika Mashewa alasiri, jua linakuwa upande wa ukuta wa magharibi na unauona mlima wote kwa kivuli, korongo kwa korongo. Huko juu ndiko utakakolala usiku wa pili.

Magoma ni mkonge. Mistari imenyooka mpaka jicho linachoka. Zao hili lililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na miche ya kwanza ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kilichobaki Tanga nzima leo ni uzao wa kazi ile. Kwa mwendesha pikipiki, mkonge maana yake ni trekta lenye tela, linatoka shambani bila taa ya kuashiria na linavuta vumbi nyuma yake kama pazia. Usilipite ndani ya vumbi. Subiri njia ipinde, upepo upeleke vumbi upande mmoja, uone mbele, ndipo upite.

Korogwe unalala. Najua umesema siku mbili, na kwa hesabu ya kilomita inawezekana kulala Lushoto siku hiyohiyo. Lakini kilomita 130 za vumbi ukiwa umebeba mtu ni mwendo wa 25 au 30 kwa saa ukijumlisha kusimama, na baada ya hapo mikono inakuwa imekufa ganzi. Mikono ya namna hiyo siitaki Dindira.

Dindira ndiyo kiini cha jibu langu. Kutoka Korogwe kuna njia inayopanda kwa Dindira, ikafika Bumbuli, ikatokea Soni, kama kilomita 75. Inapanda kutoka mita 300 na kitu za Korogwe hadi zaidi ya mita 1,000 kwenye mashamba ya chai. Rafiki yako amekuambia uishuke. Uzuri wake hajakosea: chai ya Ambangulu na Dindira, msitu unaokuja mpaka ukingo wa njia, vijiji vya Wasambaa vimepangwa kwenye migongo ya vilima, migomba chini, mahindi juu. Alichokosea ni upande.

Sikiliza kwa nini. Unapopanda kwenye udongo uliolegea, uzito wako, wa shemeji na wa mizigo unaegemea gurudumu la nyuma, lile linalosukuma. Tairi linauma. Ukishindwa, injini inazima na pikipiki inasimama yenyewe, mnateremka, mnacheka, mnaanza tena. Unaposhuka mambo yanageuka. Uzito wote unakuja mbele, shemeji anateleza na kukusukuma mgongoni, na kila ukigusa breki ya mbele kwenye changarawe gurudumu linataka kukimbilia pembeni. Ya nyuma nayo haina uzito juu yake, ukiikanyaga linaserereka. Boxer yako ina breki za ngoma mbele na nyuma. Ni breki nzuri za mjini, rahisi kutunza, lakini zikishikwa mfululizo zinapata moto, na ngoma ikishapata moto haishiki kama mwanzo. Kwa hiyo kanuni yangu kwa kila anayebeba mtu Usambara ni hii: panda kwa vumbi, shuka kwa lami. Utapanda Dindira na Bumbuli, utashuka Soni na Mombo.

Asubuhi ya siku ya pili jaza mafuta Korogwe, uondoke saa moja, umande ukiwa bado haujaisha. Usianze mlima ule baada ya saa nane mchana. Mvua za mlimani hupenda alasiri, na ukungu ukishuka kwenye chai huoni hata ndala za anayetembea mbele yako. Panda kwa gia ya pili, ya kwanza kwenye kona za kujikunja, na uamue gia kabla ya kona, si katikati yake. Kosa ninaloliona sana kwa wageni ni kubana klachi nusu wakipanda ili pikipiki isizime. Unasikia harufu ya kitu kinaungua, ni sahani za klachi. Achia klachi yote. Gia ikiwa kubwa, shusha. Ikiwa ya kwanza nayo imeshindwa, shemeji ateremke atembee hatua mia mbili. Hakuna aibu, na picha nzuri zinapigwa na anayetembea.

Utahisi injini imepungua nguvu. Haijaharibika. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Atatokea fundi wa kijiweni akakwambia kabureta "imejaa", akufungulie skrubu. Mshukuru, umpe hela ya soda, umwambie aiache. Baada ya siku mbili utakuwa ufukweni tena.

Bumbuli mnakula mchana. Kutoka hapo hadi Soni ni safari fupi, na Soni utakutana na lami ya Mombo na Lushoto. Sokoni Soni nunueni mapeasi kama ni msimu, mwone maporomoko, kisha mmalizie kipande kidogo cha kupanda mpaka Lushoto. Jioni hiyo au kesho yake asubuhi mwende Irente, kilomita chache tu kutoka mjini: mwamba unakatika ghafla na nchi tambarare iko chini karibu mita 1,000, nyumba za Mazinde zinaonekana kama punje. Mngekuwa na siku ya ziada ningewapeleka Mtae kupitia Magamba na Lukozi, kwenye ncha ya mwisho ya mlima inayotazama Mkomazi. Kwa siku mlizonazo, msijaribu.

Kurudi ni Soni, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 na unashuka mita 1,000 nzima. Ni lami, lakini nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na Fuso za kabichi zinakata kona kwa ndani. Piga honi kabla ya kila kona usiyoiona. Weka gia ya tatu, ya pili kwenye kona kali, uache injini ishike pikipiki, breki uziguse na kuziachia. Kuna tabia ya vijana kuweka nyutro mteremko wote ili kuokoa mafuta. Mafuta ya soda moja hayo. Ukiona breki imelegea, simama mahali papana, ngojeni dakika ishirini, na usimwagie ngoma maji ili ipoe haraka. Chuma cha moto kikipigwa maji kinaweza kupinda au kupasuka.

Kutoka Segera kwenda Tanga utakuwa kwenye barabara kuu uliyoikimbia, na mji utaupita tu, maana barabara ya Horohoro inaanzia huko. Nadhani kwa kurudi utaona si kitu. Mnaweza hata kusimama Mapango ya Amboni, yako njiani upande wa kaskazini wa mji.

Sasa Aprili.

Masika Tanga ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Upande wa Amani, Usambara ya Mashariki inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji hayo yakiteremka, sehemu yake yanaingia bonde la Lwengera, yaani chini ya matairi yako. Kiangazi, njia ya Bombo Mtoni ni vumbi na mashimo. Masika ni tope linalonata. Tope hili lina tabia moja mbaya: linajipakia kati ya tairi la mbele na madigadi, tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Unahisi usukani umekuwa mzito, unafikiri umechoka, kumbe gurudumu liko karibu kujifunga. Bodaboda wa huko wanatembea na kijiti kwenye mzigo kwa kazi hiyo tu, na wengine masika hufungua madigadi ya mbele kabisa. Mlimani udongo ni mwekundu, haunati sana lakini unateleza kama sabuni, na unateleza zaidi baada ya manyunyu madogo kuliko baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua kubwa huosha juu na kuacha kokoto.

Halafu kuna drifti, yaani pale maji yanapokatiza juu ya njia badala ya kupita chini ya daraja. Kiangazi unapita umekunja suruali kwa kujionyesha tu. Masika maji yakiwa ya kahawia na huoni chini, zima pikipiki, vuka kwanza kwa miguu ukiwa na fimbo, ukipima. Yakipita goti, au yakikuvuta, rudi. Usifuate mwenyeji aliyevuka sasa hivi na pikipiki tupu: yeye anajua jiwe liko wapi.

Kwa hiyo, kama likizo inahamishika, ihamishie Agosti au Septemba, au Januari na Februari. Juni na Julai pia njia ni nzuri, ila Lushoto ni baridi ya kweli kwa mtu wa Likoni. Shemeji asije na mtandio tu. Kama haihamishiki, basi njia ya Mabokweni ondoa kichwani. Pita Tanga, Muheza, Segera, panda Mombo kwa lami, na ushuke palepale. Dindira ukiwa na abiria kwenye tope la Aprili sikushauri hata kidogo, iwe kupanda au kushuka.

Pikipiki. Nenda kwa fundi wako wiki moja kabla, si siku moja, ili kilichofungwa vibaya kijitokeze ukiwa bado Likoni. Cheni na spoketi: ukivuta cheni nyuma ya spoketi kubwa ikaachana na meno, badilisha vyote pamoja. Fungua ngoma zote mbili, zipanguswe vumbi. Waya wa klachi na wa mafuta vipakwe oili, na ubebe wa akiba wa klachi. Tairi la nyuma likiwa na upara katikati, Dindira itakukataa. Beba tyubu mbili, mbele na nyuma, pampu ya mkono, viraka, plagi, na spana za kufungulia magurudumu yako mwenyewe. Jaribu kuyafungua nyumbani mara moja ujue kama zinatosha.

Kuhusu upepo wa matairi: watu watakwambia upunguze ili tairi lishike vumbi. Kwa pikipiki kubwa isiyo na mzigo, sawa. Kwako hapana. Tairi la tyubu likiwa laini na limebeba watu wawili, likigonga jiwe kali tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na inatoboka pande mbili kwa mpigo. Jaza kama kawaida ya kubeba abiria na upunguze mwendo badala ya upepo.

Mafuta si tatizo. Kutoka mpakani hadi Lushoto kwa njia hii ni kama kilomita 270, na tangi lako la lita 11, hata ukila lita moja kwa kilomita 35, linafika. Hata hivyo jaza Korogwe, kwa sababu mafuta ya chupa vijijini huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Simu pakua ramani kabla, lakini usiiamini Maramba kwenda mbele. Inapenda mkato, na mkato wa huko mara nyingine unaishia uani kwa mtu. Uliza bodaboda, na uulize vizuri. Ukisema "hii njia inaenda Mashewa?" utajibiwa ndiyo, maana kila njia mwishowe inaenda Mashewa, na watu wana heshima hawapendi kukukatalia. Uliza "njia ya Mashewa ni ipi?", kisha uliza "gari limepita leo?" Jibu la swali la pili ndilo lenye thamani. Na ukiambiwa "hapo mbele tu," weka nusu saa.

Mpakani uwe na pasi za wote wawili, leseni, logbook yenye jina lako, na bima inayovuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA, ukaikatie Mombasa kabla hujafunga safari. Upande wa Tanzania forodha watakupa kibali cha muda cha pikipiki. Kitunze, utakirudisha ukitoka. Kofia ngumu mbili, na ya shemeji ifungwe mkanda, maana trafiki huangalia abiria kabla ya dereva. Ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na Muheza na Korogwe hawana utani na hilo.

Fikeni Horohoro saa mbili asubuhi. Mkiwa Mabokweni kabla ya saa nne, Korogwe mtaingia na jua. Mkichelewa mpakani mpaka saa sita, msikunje Mabokweni. Laleni Tanga, muondoke asubuhi. Niandikie tarehe mpya ukishaongea na kazini, nikuambie bodaboda wa Bombo Mtoni wanasemaje kuhusu njia wiki hiyo.